Koleo la Baba na Kibao cha Mpaka

Garnet, Kentucky
5 Februari 1993

Kaka Hobart,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oregon, na kama si mzima basi angalau uwe na nguvu ya kushika kalamu, maana safari iliyopita ulininyamazia miezi mitano. Sisi huku wazima. Mhubiri ameahirisha ubatizo mpaka barafu ya kijitoni iyeyuke, na wale waliokuwa wabatizwe wamemshukuru Mungu kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwao. Kuku wangu wanataga. Kabichi ya kwenye pipa imechachuka vizuri, ila sina wa kula naye.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 9 Oktoba kuna sherehe hapa nyumbani. Usiniulize ni ya nini. Nataka uwepo, basi. Mimi nina miaka sitini na sita, wewe sabini, na tangu mwaka 1949 hujakanyaga nyumba ulimozaliwa. Hukuja kumzika mama. Hukuja kumzika baba. Nilipomzika mume wangu Clell ulinitumia kisanduku cha samaki wa moshi. Walikuwa watamu, lakini samaki hamshiki mtu mkono makaburini.

Siku hiyo nahitaji mtu wa damu yangu asimame upande wangu, na nimebaki na wewe tu. Wala usipige simu. Simu ni ya misiba na ya watu wa bima.

Dada yako,
Nerva


Cedar Prong, Oregon
8 Machi 1993

Mdogo wangu Nerva,

Barua yako nimeipata. Huku ni mvua, na ikikatika mvua ni matone ya mitini. Mbwa wangu Duke anakusalimu. Jirani amenipa sungura wawili, nimewapika kwa vitunguu, wakanitosha siku tatu.

Kuhusu Oktoba, ningependa sana, lakini goti langu haliwezi basi la siku tatu. Ndege sipandi, angekuwa anataka niruke Mungu angenipa manyoya. Halafu Duke ni mzee, hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Paa linavuja. Oktoba ndio msimu wa uyoga. Na nina ng'ombe.

Nitakutumia samaki.

Kaka yako,
Hobart


Garnet
19 Machi 1993

Kaka,

Hapa tu wazima, isipokuwa jogoo, ambaye alimrukia mhubiri na sasa ni supu. Nimepanda viazi juzi, na Ijumaa hii imenikuta mgongo hauinuki.

Ng'ombe ulimuuza mwaka 1988. Uliniandikia mwenyewe, ukanieleza na rangi ya kofia ya aliyemnunua. Umenipa sababu sita, Hobart. Mwenye sababu ya kweli hutoa moja, akanyamaza. Njia ya mwongo fupi, na wewe tangu utotoni hukuwahi kufika hata mwisho wa hiyo fupi.

Kuna siku huwa nakaa nawaza ulimkosea nini baba, au yeye alikukosea nini. Unajua hakuwa mtu wa maneno. Lakini tangu ulipotuandikia mara ya kwanza, mwaka ule wa 1955, kila barua yako ilipofika aliniuliza swali moja tu: "Hajasema kitu kuhusu koleo?" Koleo la kuchimbia! Nilidhani ni uzee. Aliniuliza mpaka wiki aliyokufa. Kama unajua maana yake, niambie.

Naishia hapa. Jumatatu ni siku ya kufua, na Alhamisi huwa navuka kijito kwenda Tolliver kununua mbegu.

Nerva


Cedar Prong
27 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua. Duke mzima. Uyoga wa masika umeanza kuchomoza.

Mbegu gani hizo zinazonunuliwa kila Alhamisi, Nerva? Mwaka jana mwezi wa Desemba pia uliniandikia kwamba unatoka kununua mbegu. Ulikuwa unapanda nini, theluji?

Kuna jambo nataka kukuuliza, si langu. Hapa nina rafiki. Zamani, akiwa kijana, alipata shida kidogo na polisi wa kwao. Akaachiwa kwa ahadi kwamba atarudi mahakamani siku fulani, naye hakurudi. Anauliza: kesi ya namna hiyo huoza, au inakaa tu ikimngoja mtu? Siku hizi askari wana mashine, nasikia wakiliandika jina la mtu linachomoza lenyewe. Wewe uko karibu na mahakama, na unajuana na Bi Tressie, yule karani. Muulize. Usitaje Oregon.

Hobart


Garnet
7 Mei 1993

Kaka,

Sisi wazima. Viazi vimeota. Binti wa dada yake Clell amejifungua mapacha, na wote wawili wana masikio ya kina Rowe, ukoo wa Clell, Mungu awahurumie.

Huyo rafiki yako ana miaka mingapi? Na je, huwa anavaa viatu vyako?

Hobart, nilipoisoma barua ile nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikaacha maharage yaungue. Miaka arobaini na minne! Nilidhani hutupendi. Kumbe ulikuwa unaogopa.

Kesho yake nikavaa gauni la kanisani nikaenda mahakamani. Nilikuwa nimejitungia uongo mzuri wa kumpa Bi Tressie, eti mtu wa kanisani anatafuta habari za ukoo wake. Nikaanza tu kuutoa, akaninyanyulia kiganja.

"Nerva, sijakuuliza. Hivi vitabu ni vya watu wote. Mlevi akitaka kuvisoma, nampa. Unatafuta mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa arobaini na tisa."

"Waliokamatwa, au waliohukumiwa?"

"Vyote viwili," nikasema, nikahisi nimetiwa pilipili usoni.

Alinishushia kitabu cha faharasa kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Majina yamepangwa kwa ukoo wa mshtakiwa, na mbele ya kila jina kuna namba ya jalada, ukiipata ile namba unaletewa sanduku. Nikaenda kwenye L. Kaka, kina Lykins tumejaa! Baba mdogo Ferd alipigwa faini kwa kuipiga risasi kengele ya kanisa. Unajua alikuwa akituambia imepasuka kwa baridi. Bibi yetu, yule mtakatifu, alishtakiwa kwa nguruwe wake kula stroberi za jirani, na akamwambia jaji kwamba stroberi ndizo zilizomfuata nguruwe. Nilicheka mpaka Bi Tressie akaja kuniangalia.

Lakini wewe haumo. Nilisoma 1948, 1949, 1950. Hakuna Hobart. Kama hujaandikwa, unaogopa nini? Jibu.

Nerva


Cedar Prong
13 Mei 1993

Nerva,

Sina salamu. Acha kuchokonoa! Nilikuomba uulize swali moja, sikukutuma ukafunue mavitabu.

Nitakueleza mara moja, kisha tusilirudie. Rafiki yangu Dorsie alikuwa anaoa. Harusi ilikuwa kwenye shamba lile la kando ya kijito, na katika kaunti yetu ya Garnet pombe ni marufuku mpaka leo, wakati ng'ambo, Tolliver, mtu anakunywa mpaka anamsahau mama yake. Dorsie alikuwa na ndoo nane za bia kwenye barafu. Basi usiku wa kuamkia harusi nikaling'oa lile bango la barabarani, kibao cha mpaka wa kaunti, nikalisogeza upande wa Garnet hatua mia mbili, nikalichimbia upya. Shamba zima likawa Tolliver. Kila mtu alikunywa kwa dhamiri safi. Hata sherifu wetu alikuja na mkewe akacheza.

Jioni akapita askari wa Tolliver na gari lake. Mimi na shemeji wa Dorsie tulikuwa tunagombana. Akaja kuamua, nikamgonga kofia ikaangukia kijitoni. Nililala kwenye jela ya Tolliver. Asubuhi wakaniachia, nikaambiwa nirudi mbele ya jaji baada ya wiki tatu.

Ningerudi. Nilikuwa nimejificha kwa Dorsie nikingoja siku hiyo. Lakini asubuhi ya siku yenyewe Dorsie akaja kuniambia amemwona baba akivuka kijito kwa miguu, amevaa suti nyeusi, anaelekea mahakama ya Tolliver. Baba, shemasi Asa Lykins, ambaye hakuwahi kusema uongo na aliyetuchapa kwa kila uongo wetu. Yeye alijua ni nani aliyehamisha kibao. Alikuwa anakwenda kunitaja. Nikapanda treni usiku ule.

Sasa unajua. Kosa la kofia na kosa la kibao, na mtu aliyenichongea ni baba yangu. Nikija hapo nitalala jela na miaka yangu sabini. Achana nalo.

Hobart


Garnet
18 Juni 1993

Kaka yangu Hobart,

Shusha pumzi kwanza. Kaa. Kama Duke yupo, mwite aje akae nawe.

Sisi wazima, mapacha wazima, maharage yamepanda fito zao mpaka juu.

Nilikuwa natafuta upande usio wenyewe wa kijito. Nilipomrudia Bi Tressie akanicheka. "Mtu haandikwi alikozaliwa, Nerva. Anaandikwa alikokamatwa. Vuka kijito." Kaunti mbili, vitabu viwili, na mimi niliyekulia hapa sikuliwaza hilo, maana sisi wa Garnet tunadhani kila dhambi ya mtu wetu hufanyikia nyumbani.

Basi Alhamisi nikavuka. Karani wa Tolliver ni Bwana Estill, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Nilimwambia ukweli mtupu: nataka kuona kama kaka yangu anatafutwa. Akashuka ghorofa ya chini, akakaa huko mpaka nikasali sala zote ninazozijua. Akarudi na sanduku lenye vumbi, akafungua jalada moja mbele yangu, akasema, "Soma mwenyewe, mama. Hapa haturuhusiwi kukusomea, ila nitakuletea kiti. Wanaosoma majalada ya ndugu zao huwa wanakihitaji."

Nilikihitaji. Nimenakili kwa mkono wangu, neno kwa neno. Hii hapa:

"2 Agosti 1949. Mshtakiwa Hobart Lykins hakufika. Amefika Asa Lykins, mkulima na shemasi, mkazi wa Garnet, ambaye hakuitwa. Ameapa. Amesema: mpaka wa kaunti uko kwenye jiwe la wapimaji, kando ya kijito. Shamba la harusi liko Garnet. Kibao cha barabarani kimehamishwa. Ameulizwa na jaji: na nani? Amejibu: Sijui. Ameulizwa tena, akakumbushwa kiapo. Amejibu: Sijui, Mheshimiwa. Jaji ameona askari alimkamata mtu katika kaunti isiyo yake. Mahakama haina mamlaka. Kesi imefutwa. Hakuna hati ya kumkamata."

Hobart, imefutwa! Tangu siku ile. Hutafutwi na mtu, isipokuwa mimi. Umejificha miaka arobaini na minne kwa sababu ya kesi iliyoishi wiki tatu. Kibao ulichokihamisha ndicho kilichokuingiza jela, maana kama ungekiacha mahali pake yule askari angepita zake, na ndicho hicho hicho kilichokufungulia mlango. Na baba hakwenda kukuchongea. Alitembea maili kumi na moja na suti ya mazishi wakati wa joto la Agosti, kwenda kukuokoa. Mimi wakati ule nilikuwa nimeolewa Ohio, sikujua lolote. Wewe hukuacha anwani. Ulipoandika miaka sita baadaye, nadhani aliamini kwamba ulikuwa umeshasikia, na kwamba umekaa huko kwa kupenda kwako. Nimelia, kaka. Nimemlilia yeye kwa kunyamaza na wewe kwa kukimbia, kisha nikawakasirikia wote wawili.

Kuna jambo moja sielewi. Unasema baba alijua nani aliyehamisha. Lakini hapa ameapa kwamba hajui. Huenda ulikosea?

Sasa na mimi niseme langu. Mwishoni mwa jalada kuna sahihi ya askari aliyekukamata. Niliisoma mara tatu, kisha nikatoka nje, ambako mtu aliyenileta kwa gari lake alikuwa amekaa kwenye benchi akila karanga zilizochemshwa.

"Burl," nikamwambia, "mwaka arobaini na tisa ulimkamata mtu kwenye harusi?"

"Yule aliyenitupia kofia kijitoni?" Akasimama kabisa. "Kofia mpya, Nerva! Nilikuwa nimeivaa siku mbili! Halafu akaja mzee mmoja wa huko kwenu akaniaibisha mbele ya jaji, watu wakanicheka mpaka Krismasi."

"Mzee huyo ni baba yangu. Na mtupa kofia ni Hobart."

Alitafuna karanga moja taratibu sana. "Hobart huyu huyu wa Oregon? Ndiye atakayekushika mkono kukuleta kwangu madhabahuni?"

"Ndiye. Kama hukubali, sema sasa hivi."

"Nakubali," akasema. "Ila aje na kofia."

Basi ndiyo mbegu zangu za Alhamisi, Hobart. Anaitwa Burl Whisman, ana miaka sabini na miwili, mjane, anafuga nyuki, na kwa upande wa kucheza ni afadhali nyuki. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa ungecheka. Tarehe 9 Oktoba naolewa. Njoo, kaka. Huna tena kisingizio, na ng'ombe huna.

Nerva


Cedar Prong
26 Juni 1993

Nerva mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatano, na leo ndiyo kwanza nimeweza kuandika. Nililia mpaka Duke akaondoka chumbani. Sioni aibu kukuambia.

Nimecheka pia. Nimemcheka huyo askari wako. Mwambie mkono wangu bado una nguvu na kijito bado kina maji, kwa hiyo akutunze. Kofia nimeshamnunulia. Nilibahatisha kipimo, nikachukua kubwa, kwa jinsi ninavyokikumbuka kichwa chake.

Umeniuliza kama nilikosea. Sikukosea. Sasa nikuambie ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

Usiku ule nikiwa nachimba, niliona taa inakuja barabarani. Alikuwa ni baba. Alisimama karibu yangu kama meza yako ilivyo karibu na kiti chako. Akaangalia kile kibao kilicholala chini, akaangalia shimo, akaniangalia mimi. Nikangoja kipigo. Aliinua taa juu kidogo ili nione vizuri ninapochimba, akaishikilia mpaka nikakisimamisha. Kisha akasema, "Hilo ni koleo langu. Ukimaliza, lirudishe." Akarudi kulala.

Mimi nililitupa kwenye majani ya kijito nikaenda kunywa.

Kwa hiyo alijua, Nerva. Aliweka mkono juu ya Biblia, mzee yule, akasema "Sijui", na alipokumbushwa kiapo akasema tena. Nadhani ni uongo wake wa pekee duniani, na mimi nikaukimbia nikidhani ni usaliti. Na miaka yote ile aliyokuwa anakuuliza habari za koleo, alikuwa ananiuliza kama narudi. Mimi nililisoma swali hilo kwenye barua yako ya Machi na sikuthubutu kulijibu.

Nakuja. Duke anakwenda kwa jirani, nimemjaribu, mlafi yule anakula kwa mkono wa kila mtu. Goti litauma ndani ya basi kama linavyouma nje ya basi. Paa livuje.

Nitafika tarehe 6. Nina koleo jipya, mpini wa mti mgumu kama alivyoupenda, na dereva wa basi akilikataa nitashuka naye tukapigane. Kabla hujanionyesha gauni, kabla hujanilisha, nipeleke kwanza makaburini. Nataka nilisimamishe pale kichwani kwake, nimwambie nimemaliza.

Kaka yako,
Hobart